Kamusi ya bure ya Wafaransa: nimeipima kwa neno moja, "magasin"

Nitoe hukumu kwanza, maana najua wengi mnasoma kwa bando la kubana. Kamusi kubwa ya Kifaransa iitwayo Trésor de la langue française, ile iliyowekwa mtandaoni, ni ya bure kabisa. Haina matangazo, haikutaki ujisajili, haikuombi barua pepe, na inafunguka hata kwenye simu ya bei ya chini. Sura yake ni ya kizamani na maelezo yote ni Kifaransa kitupu. Lakini ukitaka kujua neno limetoka wapi, limepita mikononi mwa nani na limebadilisha kazi lini, hii ndiyo naitanguliza mbele ya kamusi zote zisizolipiwa ninazozitumia.

Mimi ni mtembeza wageni Mji Mkongwe, Unguja, mwenye leseni na kitambulisho kifuani, kwa hiyo asitokee mtu wa kuniita papasi, wale wanaofuata wageni mitaani bila leseni. Kitaliano nimekipata kwa wageni wenyewe, kama wenzangu wengi wa hapa. Kifaransa nilikianza shuleni nikakiendeleza kwa kusoma. Kirusi nakikokota, Kijerumani nakisoma vizuri kuliko ninavyokisema. Kamusi kwangu ni chombo cha kazi, na kila ninayokutana nayo naipima kwa neno lile lile.

Neno lenyewe ni hili. Mrusi akikwambia anatafuta "magazin", anataka duka, akanunue maji ya chupa na mafuta ya jua. Mromania na Mbulgaria hali kadhalika. Mgiriki atasema "magazi", naye ni duka. Muitaliano akisema "magazzino" hataki duka, anazungumzia ghala. Duka kwake ni "negozio". Mfaransa ana maneno mawili yanayofanana sauti: "magasin" ni duka, "magazine" ni jarida. Mpolandi analo moja tu, "magazyn", na kwake ni ghala au ni jarida, utajua mwenyewe kwa mazungumzo yanavyokwenda. Mhispania anasema "almacén", ambalo ukilisikia hulihusishi na hayo mengine hata kidogo, kumbe ni ndugu yao wa damu. Na askari wa Kitanzania akitoa taarifa ya silaha iliyokamatwa, atataja bunduki na "magazini" yake, yaani kile kikasha cha risasi.

Neno lililotawanyika namna hiyo ni mtihani wa haki kwa kamusi. Kamusi dhaifu itakwambia "asili yake ni Kiarabu" halafu ikanyamaza. Sawa, Kiarabu, lakini ghala la Waarabu limegeukaje duka Moscow, jarida London na kikasha cha risasi kila mahali?

Sasa huduma yenyewe. Trésor ilichapwa kwanza kwenye karatasi, juzuu 16, kati ya 1971 na 1994. Iliandaliwa mjini Nancy, mashariki ya Ufaransa, kwanza chini ya Paul Imbs na baadaye Bernard Quemada. Ina maneno kama 100,000, maana 270,000 na mifano 430,000 iliyotolewa kwenye maandishi halisi. Baada ya karatasi ikawekwa kwenye kompyuta, na leo inapatikana bure kwenye tovuti ya CNRTL, ambayo ni mali ya taasisi ya utafiti ya serikali ya Ufaransa. Huna haja ya kuhangaika na ukurasa wa mbele. Andika cnrtl.fr/definition/magasin moja kwa moja, makala inakuja. Futa "definition" uweke "etymologie", unapata asili peke yake bila kushuka chini makala nzima. Mwenye bando la kupima atanishukuru.

Juu ya makala kuna vichupo: maumbo ya neno, maana, asili, visawe, vinyume na kadhalika. Kimoja, "Proxémie", kinachora neno na jirani zake kwa vinukta vinavyozunguka. Kinapendeza, sijawahi kukihitaji. Chenye faida kubwa ni kile kisanduku cha kupaka rangi: unachagua mathalan "définition", na maana zote ndani ya makala zinapata rangi. Bila hicho, makala ndefu ya Trésor ni msitu. Mifano, vifupisho, majina ya waandishi na miaka vimesongamana katika aya moja, na kwenye kioo cha simu macho yanapotea. Ukishapaka rangi, unaruka kutoka maana hadi maana, unarudi kwenye mfano pale tu unapoutaka.

Pale chini kwenye asili ndipo penye utamu. Kamusi inasema neno linatokana na Kiarabu "makhāzin", ambao ni wingi wa "makhzan", ghala. Kisha haiishii hapo, inakuonyesha karatasi. Kuna hati ya Kilatini ya Marseille ya mwaka 1228 yenye neno "magazenum", na inahusu maghala waliyopewa wafanyabiashara wa Marseille katika miji ya Maghreb, kaskazini magharibi ya Afrika. Yaani tunajua mahali, tunajua mwaka, tunajua nani alikuwa na shida na neno lile: mfanyabiashara wa Kifaransa aliyeshusha mzigo bandari ya Waislamu, akapewa chumba cha kuuweka, na akalazimika kukiita kama wenyeji walivyokiita. Waitaliano nao walikuwa kwenye bandari zile zile, wakalipata "magazzino" lao, na Kifaransa huenda kilipokea kwa mkono wao. Kamusi inaziacha njia zote mbili wazi, hailazimishi moja. Napenda kamusi ya namna hiyo.

Lile la wingi lilinishughulisha. Wachukue wingi waufanye umoja? Nikamfuata maalim mmoja anayesomesha Kiarabu mtaani kwetu, mzee wa barza.

"Shikamoo maalim. Hawa Wazungu wamechukua makhāzin wakasema ni ghala moja. Inakuwaje?"

"Marahaba. Na wewe unaposema malaika mmoja, umesema nini? Malaika ni wengi hao. Mmoja ni malak."

Sikuwa na la kujibu. Akaongeza kwamba kitenzi ni "khazana", kuweka akiba, na kwamba humo humo ndimo ilimotoka hazina yetu. Basi hazina ya Kiswahili na magasin ya Kifaransa ni watoto wa mzizi mmoja, na kamusi ninayoisifu hapa inaitwa Trésor, ambalo kwa Kifaransa ni hazina. Hilo la jina limetokea tu, maana "trésor" lenyewe ni la Kigiriki lililopita Kilatini. Ila wanaume wa barzani walilifurahia sana, likawapa mazungumzo hadi adhana.

Turudi kwa Mhispania. "Almacén" ni "al-makhzan", umoja, na kiambishi "al" kimebaki shingoni. Hapa kuna kanuni ndogo inayofaa kwa kila anayesoma lugha za huko. Kihispania kilijifunza maneno haya kwa watu waliokuwa wakiishi nao nyumba kwa nyumba kule Andalusia, wakayachukua pamoja na "al" yake. Italia iliyapata bandarini, kwenye biashara, mara nyingi bila "al". Kwa hiyo sukari ni "azúcar" Hispania na "zucchero" Italia. Pamba ni "algodón" huku, "cotone" kule. Ghala ni "almacén" huku, "magazzino" kule. Wareno wana "armazém", wamegeuza l kuwa r. Kikatalani, ingawa kiko Hispania, kina "magatzem" bila "al". Haya ya Kihispania Trésor haikupi kwa upana. Kwake ni jirani tu. Nitafika kwenye hilo.

Kitu ambacho Trésor inakifanya na wengine hawakifanyi ni kuonyesha mwendo wa maana, hatua kwa hatua, kwa mifano yenye mwaka. Magasin ni mahali pa kuweka bidhaa. Kisha ni mahali pa kuweka baruti na chakula cha jeshi. Kisha ni mahali pa mfanyabiashara wa jumla, ambako mnunuzi anaifuata mali pale pale ilipolazwa. Na mali ikishauzwa pale ilipolazwa, hapo ni ghala au ni duka? Polepole neno likaanza kutumika kwa duka lenye ukubwa, wakati duka dogo la mtaani na la fundi liliendelea kuitwa "boutique". Karne ya 19 ikaja na "grand magasin", lile duka la ghorofa linalouza kila kitu kwa bei iliyoandikwa. Aristide Boucicaut alipoingia kwenye Le Bon Marché ya Paris mwaka 1852, moja ya mambo yaliyowashangaza watu ni bei isiyojadiliwa. Mimi ninayewafundisha wageni kupatana Darajani nalisoma hilo kwa masikitiko kidogo.

Sasa bofya "boutique" katika kamusi hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipoipa nyota yangu ya mwisho. Asili ya "boutique" ni Kigiriki "apothēkē", na maana ya "apothēkē" ni ghala! Neno hilo hilo la Kigiriki ndilo lililozaa "bodega" ya Kihispania, ghala la mvinyo ambalo kwa wasemaji wa Kihispania wa New York limekuwa kiduka cha pembeni, na "Apotheke" ya Kijerumani, duka la dawa. Kwa hiyo Mfaransa ana maneno mawili makubwa ya duka, moja kutoka Athens na moja kutoka Maghreb, na yote mawili yalianza yakiwa ghala. Waingereza nao wana "store": ilikuwa akiba na mahali pa akiba, Wamarekani wakaifanya duka. Sisi tulilichukua kwa Waingereza likiwa bado na maana ya kwanza, ndiyo maana stoo ni stoo na duka ni duka. Na duka letu ni "dukkān" ya Waarabu, halina safari ya ghalani hata kidogo.

Haya huyapati kwenye kamusi inayokupa mstari mmoja. Unayapata kwenye kamusi iliyokubali kuandika kurasa.

Sehemu ya jarida nayo wameishika vizuri. Wana makala mbili tofauti, "magasin" na "magazine", na ukisoma zote mbili unaona neno lilivyotoka nyumbani na kurudi na suti ya Kiingereza. Kiingereza kililipokea kutoka Ufaransa mwishoni mwa karne ya 16 kwa maana ya ghala, hasa la silaha. Baadaye vitabu vikaanza kuitwa hivyo kwa mfano tu: ghala la maarifa fulani. Halafu Januari 1731, Edward Cave, mchapaji wa London, akaanzisha chapisho la kila mwezi aliloliita The Gentleman's Magazine. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kukusanya yaliyoandikwa kwenye magazeti mengi ya mji na kuyaweka pamoja, kwa hiyo jina la ghala lilimfaa bila kulazimisha. Alijiita "Sylvanus Urban", nusu msitu nusu mji, maana alitaka wasomaji wa shamba na wa mjini. Chapisho liliendelea hadi karne ya 20, na jina lake likawa jina la aina nzima ya maandishi.

Wafaransa waliiga wazo kwa neno lao wenyewe kwanza. Jeanne-Marie Leprince de Beaumont alitoa Magasin des enfants mwaka 1756, tena akiwa London, alikokuwa mwalimu wa watoto wa wakubwa. Édouard Charton alianzisha Magasin pittoresque mwaka 1833. Baadaye tahajia ya Kiingereza ikashinda, "magazine" ikawa jarida, na "magasin" ikaachiwa dukani. Mfaransa wa leo anaweza kununua magazine ndani ya magasin bila kuhisi kwamba amesema neno lile lile mara mbili.

Na hapa niwaonye wenzangu: gazeti halimo katika ukoo huu. Ukisikia "magazeti" na "magazini" unaweza kudhani ni wamoja. Gazeti linatokana na "gazzetta" ya Venice, na inasemekana jina hilo lilitokana na sarafu ndogo, gazeta, iliyolipiwa karatasi ya habari. Nilikuwa na programu moja ya kulipia kwenye simu, jina lake naliacha, iliyoyaweka maneno haya mawili chini ya asili moja kwa ujasiri mkubwa. Nikawaandikia, wakanijibu kwa ujumbe wa mashine unaonishukuru kwa maoni yangu, na mwezi uliofuata wakakata pesa kama kawaida. Nimeiondoa. Kulipia kamusi si dhamana ya lolote.

Kasoro za Trésor, maana zipo.

Lugha inayoishughulikia ni ya kuanzia Mapinduzi ya Ufaransa, 1789, hadi 1960 hivi. Maneno ya simu, intaneti na mtaani mwa leo usiyatafute humo. Mifano yake mingi ni ya waandishi wakubwa wa vitabu, kwa hiyo unajifunza jinsi neno lilivyoandikwa sebuleni kuliko lilivyosemwa sokoni. Mgeni wangu wa kutoka Québec akiniambia anataka kwenda "magasiner", yaani kuzunguka madukani, ananipa Kifaransa hai ambacho kamusi ya namna hii haikutengenezwa kwa ajili yake. Vifupisho ni vingi na vinamtaka msomaji avumilie mpaka avizoee. Na kubwa zaidi kwangu: inamfuata mtoto wa Kifaransa peke yake. Ikishakwambia Kiarabu, Kilatini cha Marseille na Kitaliano, imemaliza. Mrusi, Mnorwe na Mfini hawaihusu.

Kwa hao nina nyumba nyingine, nazitaja kwa haraka.

Kijerumani nakwenda DWDS, kamusi ya mtandaoni ya Chuo cha Sayansi cha Berlin-Brandenburg, nayo bure. Ndani yake imo kamusi ya asili ya maneno ya Wolfgang Pfeifer, na wana mchoro unaoonyesha neno lilivyopanda na kushuka katika maandishi tangu karne ya 17. Sura yake ni nzuri kuliko ya Wafaransa, nakiri. "Magazin" ya Wajerumani ni ghala, ni jarida, ni kipindi cha televisheni cha mchanganyiko, ni kikasha cha risasi, na kwenye maktaba ni kile chumba cha nyuma ambako vitabu vimelala na msomaji haruhusiwi kuingia. Wafugaji nyuki wao wana "Magazinbeute", mzinga wa masanduku yanayopangwa moja juu ya jingine. Warusi nao huliita sanduku la juu la asali "magazin". Nyuki anaweka akiba, mzizi wa Kiarabu umefika mpaka kwake.

Kihispania, kamusi ya Real Academia Española: safi, haraka, bure, lakini asili ya neno imebanwa kwenye mabano ya mstari mmoja. Kwa "almacén" inakupa Kiarabu cha Andalusia, kisha Kiarabu cha kale, basi. Inakutajia pia kwamba Argentina na jirani zake almacén ni duka la vyakula, jambo ambalo ukiwa na mgeni wa Buenos Aires ni bora kulijua.

Kiingereza, Etymonline ya Douglas Harper. Ni kazi ya mtu mmoja wa Pennsylvania, na kwa kazi ya mtu mmoja ni ya kuvuliwa kofia. Anayetaka jibu la haraka, kwa Kiingereza chepesi, aende pale kwanza. Kwa "magazine" anapata ukoo mzima kwa aya moja, bunduki na jarida ndani. Asichopata ni mifano, na bila mifano unaamini tu.

Kirusi, kamusi ya Max Vasmer, iliyotoka Heidelberg miaka ya 1950, sasa inasomeka bure mtandaoni katika tafsiri ya Kirusi. Mzee huyo alipoteza kadi zake za utafiti mwaka 1944 nyumba yake ilipopigwa bomu Berlin, akaanza upya. Maelezo yake ni mafupi kama telegramu. Historia yenyewe lazima uiunge mwenyewe: wakati wa Peter Mkuu magazin ilikuwa ghala la chakula cha jeshi, na karne mbili zilizofuata vijiji vilikuwa na magazin za nafaka ya akiba kwa mwaka wa njaa. Duka likawa ndiyo maana kuu baadaye. Ile M ya mwisho katika GUM, lile jumba la maduka kwenye Uwanja Mwekundu wa Moscow, ni hiyo hiyo magazin.

Skandinavia bado sijapata kamusi ya kunikamata. Ila mgeni mmoja wa Norwe, mhandisi wa umeme, alinichekesha aliponiambia kazi yake ni kuangalia "magasin" zimejaa kiasi gani. Nikafikiri ana maduka. Alimaanisha mabwawa ya umeme wa maji. Kwao ziwa nyuma ya bwawa ni ghala la maji, na takwimu za ujazo wake hutangazwa kila wiki kwa neno hilo. Ukivuka kwenda Copenhagen, "Magasin" ni duka kubwa la Magasin du Nord. Ukipanda Finland, "makasiini" ni banda la kuhifadhia nafaka au mizigo. Na Brazil, Magazine Luiza, iliyoanza mwaka 1957 mjini Franca, haijawahi kuwa jarida. Huuza majokofu na televisheni.

Niseme na la nyumbani, kwa kuwa nimetaja kamusi za watu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inakupa alama fupi, "Kar", ukajua neno ni la Kiarabu, halafu mlango unafungwa. Charles Sacleux, padri Mfaransa aliyekaa Zanzibar na Bagamoyo, alijitahidi zaidi katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya 1939, na bado watafiti wanaifungua. Lakini kamusi ya kuniambia hazina imeandikwa kwa mara ya kwanza katika utenzi gani, barua ya nani, mwaka gani, na kwamba ilikuwa sanduku au chumba au fedha yenyewe, hiyo sijaishika. Kila nikimaliza kusoma makala ya Trésor naona wivu, sifichi.

Kwa hiyo nani aitumie? Mwalimu wa Kifaransa, mfasiri, mwanafunzi wa chuo, na mtembeza wageni anayetaka kuwa na la kusema zaidi ya bei ya karafuu. Kifaransa cha kidato cha nne kinatosha kusoma sehemu ya asili. Sehemu ya mifano inataka zaidi. Anayetaka tafsiri ya haraka akiwa njiani na mgeni ubavuni asijisumbue nayo, haikuundwa kwa mwendo huo. Na anayetaka jibu moja lisilo na "huenda" atakasirika, maana humo "huenda" ziko nyingi, na kila moja imewekwa mahali pake.

Bei: bure. Matangazo: hakuna. Nyota: nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya ile sura, na kwa yale maandishi madogo kwenye simu ambayo lazima uyavute kwa vidole viwili.